Hasira zenu tunazielewa, ila video msizisambaze

Jamani, malalamiko ya watu kuanikwa mtandaoni yamezidi, na sisi tunaoshughulika na makosa ya mtandao tunaona kitu kilekile kila siku: mtu kafanya uchafu, watu wamekasirika, ndani ya saa moja video iko kwenye magrupu yote, na anayeumia kuliko wote ni yule aliyetendewa.

Kumbukeni Agosti 2024, ile video ya binti wa Yombo, Dar es Salaam, aliyebakwa na kundi la wanaume huku akirekodiwa. Nchi nzima ilichemka na kwa kweli ilikuwa sawa kuchemka, watu walidai haki usiku na mchana, watuhumiwa wakakamatwa, kesi ikasikilizwa Dodoma na tarehe 30 Septemba mwaka huohuo washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Sauti zenu zilisaidia, hilo sina ubishi nalo. Lakini wakati huohuo wengine wakawa wanaulizana "nani anayo full anitumie inbox", na binti wa watu akawa anavuliwa nguo upya kwenye kila simu. Hii ndo inaniuma mpaka leo.

Sasa kuna watu wanakuja wanasema "mimi nimefowadi tu, sijarekodi mimi". Ndugu yangu, sheria haijali nani alishika kamera! Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, kuchapisha ponografia ni faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7 au vyote viwili, na ikiwa ni chafu kupindukia inaanzia milioni 30 au miaka 10. Akiwa ni mtoto unahamia kifungu cha 13, hapo faini inaanzia milioni 50. Kifungu cha 23 nacho kinamhusu anayemtumia mtu meseji za kumtisha au kumdhalilisha, inaanzia milioni 5 au miaka 3, na usiseme "yule si ni mwizi, anastahili", maana hata mtuhumiwa analindwa, na tumeshaona watu wakitukanwa wiki nzima kumbe picha iliyosambazwa siyo yao. Kuandika "sambaza mpaka imfikie" hakukuondolei kosa.

Ukikutana na tukio fanya hivi. Andika jina la akaunti kama lilivyo pamoja na herufi na namba zake, kopi linki, andika tarehe na saa, kama ni grupu chukua namba iliyotuma. Usifute kwenye simu yako kabla hujatoa taarifa na usimtumie mtu mwingine "akutunzie", nenda na simu yenyewe kituo chochote cha polisi, eleza, andikisha maelezo, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. RB hailipiwi. Mpelelezi anaweza kuishikilia simu kama kielelezo, najua inakera, ila skrinshoti peke yake mara nyingi haimtoshi, anahitaji kifaa chenyewe. Anayemjua aliyetendewa ampeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hapo kuna askari waliofundishwa kumsikiliza bila kumuuliza alivaa nini.

Maadmini wa magrupu, nyie ndo wa kwanza kuiona. Kwenu ni tofauti kidogo, kwa sababu kwenye grupu inaendelea kusambaa: ikiingia, nakili ile namba, ifute kwa wote na mtoe aliyeileta, halafu njoo utupatie hiyo namba.