Matriksi linganifu: dhamana mnayo, mbona hamuitumii?

Matokeo ya muhula yamebandikwa na, kama ilivyo ada, meza ya Idara ya Hisabati imejaa barua za kulalamikia alama za aljebra ya mstari. Safari hii nyingi zinahusu swali moja, la kuiweka matriksi linganifu ya namba halisi katika umbo la ulalo, yaani namba zote zilizo nje ya ulalo ziwe sifuri. Wapo pia wazazi waliopiga simu, na watumishi wa ofisi mbalimbali hapa Dodoma wanaoulizia jambo hilohilo kwa sababu zao za kikazi. Tumeona ni vyema tuwajibu wote kwa pamoja. Tunaamini kila aliyeandika ameandika kwa nia njema. Maelezo haya hayabadilishi alama ya mtu yeyote. Utaratibu wa rufaa uko mwishoni.

Sitaeleza kwa undani matriksi, yaani jedwali la namba, wala namna ya kutafuta ditaminanti. Hayo yalimalizwa mwaka wa kwanza. Nianze na dhamana yenyewe. Ikiwa matriksi A ni ya namba halisi na ni linganifu, yaani ukigeuza safu mlalo kuwa safu wima inabaki ileile, basi thamani zake zote za aigeni, yaani namba λ ambazo Av = λv kwa vekta v isiyo sifuri (v ndiyo vekta ya aigeni), ni namba halisi. Zaidi ya hapo, utapata vekta za aigeni za kutosha, kila moja ikiwa na urefu wa 1 na zote zikiwa katika pembe mraba zenyewe kwa zenyewe. Zipange ziwe safu wima za matriksi P, na PᵀAP itakuwa matriksi ya ulalo (Pᵀ ni P iliyogeuzwa safu mlalo kuwa safu wima). Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alionyesha mwaka 1829 kwamba thamani hizo ni halisi. Hakuna matriksi linganifu ya namba halisi inayokataa kuwekwa katika ulalo. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili, maana barua kadhaa zilizo mezani zinadai kwamba ile ya mtihani ilikataa.

Wanaodai hivyo waliona thamani ya aigeni imejirudia, wakaandika “haiwezekani”, wakapiga mstari na kwenda swali linalofuata. Kujirudia kunaweza kuwa kikwazo kwa matriksi isiyo linganifu, kwa mfano ile yenye safu mlalo (1, 1) na (0, 1). Kwa iliyo linganifu si kikwazo hata kidogo.

Chukua A ya mtihani, yenye safu mlalo (2, 1, 1), (1, 2, 1) na (1, 1, 2). Thamani zake za aigeni ni 4, 1 na 1. Zijumlishe upate 6, sawa na jumla ya ulalo. Zizidishe upate 4, sawa na ditaminanti. Uhakiki huu hauchukui hata nusu dakika na hakuna aliyekatazwa kuufanya. Kwa 4, vekta ni (1, 1, 1). Kwa 1, milinganyo yote mitatu inageuka kuwa mmoja tu, x + y + z = 0, na mlinganyo mmoja kwenye vigeu vitatu unakuachia vekta mbili huru. Wengi walichagua (1, −1, 0) na (1, 0, −1). Ni halali kabisa, ila zao la nukta la hizo mbili (zidisha namba za nafasi moja, kisha jumlisha) ni 1, si 0. Hazimo katika pembe mraba.

Hapa ndipo alama zilipomwagika. Vekta za thamani mbili tofauti huja na pembe mraba bila kuombwa, kwa sababu kwa matriksi linganifu Au·v ni sawa na u·Av. Kama Au = λu na Av = μv, basi λ(u·v) = μ(u·v), na λ ikitofautiana na μ, u·v haina budi kuwa 0. Lakini ndani ya thamani moja iliyojirudia hoja hiyo haina la kusema, hivyo pembe mraba unaitengeneza mwenyewe. Toa nusu ya (1, −1, 0) kutoka (1, 0, −1), upate (1/2, 1/2, −1), au tuseme (1, 1, −2). Kisha gawanya kila vekta kwa urefu wake: kipeuo cha pili cha 3 kwa vekta ya 4, cha 2 kwa (1, −1, 0), na cha 6 kwa (1, 1, −2).

Swali lilikuwa na alama 10: 3 za thamani za aigeni, 3 za vekta, 2 za pembe mraba, 1 ya urefu na 1 ya uhakiki. Asiyegawanya kwa urefu hupoteza ile 1 ya urefu, na ya uhakiki huifuata, kwa kuwa PᵀAP yake itatoa 12, 2 na 6 badala ya 4, 1 na 1. Wapo waliopata 12, 2 na 6 wakaandika chini yake “imethibitishwa”. Aliyetafuta kinyume cha P kwa njia ndefu hakukatwa alama, ila alikatwa muda; P iliyotengenezwa sawasawa, kinyume chake ni Pᵀ, hakuna cha kutafuta. Na aliyeandika jibu tupu bila njia alipata 0 hata kama jibu ni sahihi. Aliyekutwa na simu mtihanini hayumo katika maelezo haya. Suala lake linashughulikiwa kwa kanuni za nidhamu ya mitihani, na Idara haina mamlaka ya kulizungumzia.

Kosa linalonichosha kuliko yote ni la kuondoa namba chini ya ulalo kwa kupunguza safu mlalo, kisha kusoma ulalo uliobaki na kuuita thamani za aigeni. Matriksi yenye safu (2, 1) na (1, 2) ina thamani 3 na 1. Ipunguze, ulalo utakuwa 2 na 3/2. Zao linabaki 3, ndiyo, lakini jumla si 4 tena. Kupunguza safu hubadilisha thamani za aigeni. Sijui imani hii inatoka wapi, na kila mwaka inarudi.

Neno “halisi” nalo lina kazi yake. Matriksi yenye safu (1, i) na (i, −1) ni linganifu, lakini ni ya namba changamano (i ni kipeuo cha pili cha −1), na ukiizidisha kwa yenyewe unapata sifuri tupu. Hiyo haiwekwi katika ulalo. Kwa namba changamano sharti ni jingine, na halikuwemo katika mtihani huu.

Kwa wanaouliza haya yanafaa nini nje ya darasa, jibu liko jirani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao makuu hapahapa Dodoma. Katika tafiti za afya ya uzazi na mtoto, ukiwemo wa mwaka 2022, kaya hupangwa katika makundi matano ya utajiri. Hakuna karani anayemwangalia mtu usoni na kuamua kwamba ni maskini. Huulizwa vitu: paa, sakafu, chanzo cha maji, choo, redio, simu, baiskeli. Uhusiano wa kila kitu na kila kingine huwekwa katika jedwali, na jedwali hilo ni linganifu, kwa sababu uhusiano wa paa na simu ni uleule wa simu na paa. Vekta ya thamani kubwa kuliko zote ya aigeni ndiyo inayotoa uzito wa kila kitu. Ikiwa jedwali ni la viwango vya uhusiano kati ya vitu 20, thamani zote za aigeni hujumlika kuwa 20, na sehemu ya ile kubwa inaonyesha uzito huo umebeba kiasi gani cha tofauti kati ya kaya.

Watumishi walioandika, tafadhalini angalieni ishara. Vekta ya aigeni ikizidishwa kwa −1 bado ni vekta ya aigeni, na kompyuta haijui unataka ipi. Ukipokea iliyogeuzwa bila kuangalia, mwenye nyumba ya bati na umeme ataonekana maskini kuliko anayeishi kwenye tembe. Kwa sababu hiyohiyo, mwanafunzi anayelalamika kwamba mwenzake aliandika (−1, 1, 0) akapewa alama zote ajue kwamba wote wawili walikuwa sahihi.

Na kompyuta haitafuti thamani za aigeni kwa polinomia, yaani mlinganyo wa vipeo vya λ, kama ninyi. Kuanzia digrii ya 5 hakuna kanuni ya jumla ya kupata mizizi yake kwa vipeuo, kwa hiyo hukaribia jibu hatua kwa hatua. Carl Jacobi alichapisha mwaka 1846 njia ya kuizungusha matriksi linganifu kidogokidogo hadi namba zilizo nje ya ulalo zififie, na bado inatumika.

Sasa rufaa. Jaza fomu ya rufaa, ipitishe kwa mkuu wa Idara na uiwasilishe ndani ya muda uliowekwa kwenye kanuni za mitihani, pamoja na stakabadhi ya malipo. Ujumbe wa WhatsApp kwa mhadhiri si rufaa, hata ukitumwa na mzazi. Ada hairudishwi kwa yeyote ambaye alama yake haikupanda. Rufaa ikikubaliwa, karatasi husahihishwa upya yote na msahihishaji mwingine, si swali unalolilalamikia peke yake, na alama mpya ndiyo inayosimama hata ikiwa chini ya ile ya awali.