Je, wajua? Kwa nini chuo kimoja cha Cambridge kina umbo la nyumba ya masista

Ukitembelea vyuo vya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, utaona vingi vinafanana: lango, ua wenye nyasi, bwalo la chakula na kanisa la kadiri. Jesus College ni tofauti. Kanisa lake lina umbo la msalaba na mnara katikati, na ubavuni mwake kuna ua wa mraba uliozungukwa na ujia wenye paa. Hivyo ndivyo monasteri za zamani za Ulaya zilivyojengwa, na hapa maelezo ni mepesi: hii ilikuwa monasteri kweli. Masista waliishi humo zaidi ya miaka 350 kabla chuo hakijaanzishwa.

Walikuwa Wabenedikto, familia ileile ya watawa ambayo Watanzania wanaifahamu kupitia Peramiho na Ndanda. Walianza kukaa hapo katika karne ya 12, nje kidogo ya mji wa Cambridge, chini ya usimamizi wa Bikira Maria na Mtakatifu Radegund, malkia wa Wafranki wa karne ya 6 aliyeiacha ikulu akawa mtawa. Mfalme Malcolm wa Nne wa Uskoti aliwapa ekari 10 za ardhi. Mfalme Stephen wa Uingereza aliwaruhusu kuendesha gulio la kila mwaka, na ushuru wake ukawa wao. Baadaye watu waliliita Gulio la Vitunguu Saumu.

Utajiri mkubwa, hata hivyo, hawakuwahi kuwa nao. Mnara wa kengele uliporomoka mwaka 1277, kisha moto ukaunguza majengo katika karne ya 14, karne ambayo pia ilileta tauni iliyoua watu wengi kote Ulaya. Kadiri miaka ilivyopita, madeni yakaongezeka na masista wakapungua. Kufikia miaka ya 1490 walibaki wawili tu.

Ndipo akaingia John Alcock, Askofu wa Ely, mtu mzito serikalini aliyewahi kuwa Lodi Chansela wa Uingereza. Mwaka 1496 alipata kibali cha Mfalme Henry wa Saba kuifunga nyumba hiyo na kukabidhi majengo, mashamba na mapato yake kwa chuo kipya cha wanaume. Hati ya kibali inataja uzembe katika kusimamia mali, na tena inawatuhumu masista kwa mwenendo mchafu, eti kwa sababu chuo kikuu kilikuwa jirani mno. Mimi tuhuma hii ya pili naipokea kwa tahadhari. Ombi lilitoka kwa mtu yuleyule aliyeitaka nyumba, na masista hawakuachiwa nafasi ya kujibu kwenye hati hiyo. Ni kesi ya ngedere, hakimu nyani. Umaskini unatosha kueleza kilichotokea.

Wengi hudhani nyumba zote za watawa Uingereza zilifungwa na Henry wa Nane. Zile nyingi, ndiyo, kati ya 1536 na 1540, alipokwisha kugombana na Papa. Alcock alitangulia kwa miaka 40, na alikuwa Mkatoliki bila shaka yoyote. Kugeuza nyumba dhaifu ya watawa kuwa shule kulihesabiwa kuwa matumizi mema ya sadaka za marehemu. Chuo jirani cha St John's nacho kilifaidika vivyo hivyo katika miaka ya 1520, kilipopewa mali za nyumba mbili za masista.

Sasa, kwa nini askofu hakubomoa akajenga upya? Kuta imara zilikuwepo tayari, na mawe ni ghali, hasa katika eneo la Cambridge ambako mawe mazuri ya kujengea yaliletwa kutoka mbali. Mafundi wake walilipunguza kanisa: wakaondoa njia za pembeni, na sehemu ya magharibi walikokaa waumini wakaikata na kuigeuza makazi ya mkuu wa chuo. Kwa hiyo hadi leo mkuu huyo analala ndani ya kilichokuwa kanisa. Mahali pa bwalo la masista pakawa bwalo la wanafunzi. Vitu vingine vilifunikwa tu. Mwaka 1893, plasta ilipobanduliwa kwenye ukuta wa ujia, yakatokea matao mazuri ya mawe ya karne ya 13, mlango wa ukumbi ambamo masista walifanyia vikao vyao. Yalifichika humo kwa karne kadhaa huku wanafunzi wakipita mbele yake kila siku.

Wanawake walirudi kama wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1979, miaka 483 baada ya masista kutolewa. Mwaka 2019 Sonita Alleyne, mzaliwa wa Barbados, akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza chuo, na mtu mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote cha Oxford au Cambridge.

Uongozi wake ulikuta suala la jogoo. Alcock alitumia vichwa vya jogoo kwenye nembo yake, akilichezea jina lake (kwa Kiingereza “cock” ni jogoo), na chuo kikairithi nembo hiyo. Ndiyo maana mwaka 1905 baba wa mwanafunzi mmoja aliona inafaa kukizawadia chuo jogoo wa shaba aitwaye Okukor, aliyeporwa na wanajeshi wa Uingereza katika ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, mwaka 1897. Sanamu ilikaa bwaloni hadi 2016, wanafunzi walipodai irudishwe Nigeria. Oktoba 2021 chuo kiliikabidhi kwa Nigeria, taasisi ya kwanza ya aina yake kurudisha shaba ya Benin.