Nondo Iliyopinda Si Lazima Iwe Imedhurika: Kompyuta Huzitofautishaje?

Ukisimama kando ya meza ya fundi wa Katwe, Kampala, anapokunja ringi za nguzo, utaona kwamba huikunja nondo kupita kidogo pembe anayoitaka, kwa sababu anajua akiiachia itarudi nyuma. Kule kurudi ni unyumbufu wa chuma, na pembe inayobaki ni badiliko la kudumu la umbo. Mikono ya fundi imeshajifunza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Sisi tunaokokotoa uimara wa majengo hatuna budi kuifundisha kompyuta jambo hilo hilo kwa hesabu.

Tuchukue nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1, ambayo huanza kulegea mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila sehemu ya eneo lake, unapofika niutoni 500 kwa kila milimita mraba. Mpaka hapo imebeba mzigo wa karibu tani 5.8 na imerefuka milimita 2.5 tu, ukiuondoa mzigo, hurudi urefu wake wa awali. Ukiendelea kuivuta mpaka irefuke milimita 22.5, kisha ukaiachia, itarudi zile milimita 2.5 hivi, na takribani milimita 20 zitabaki daima. Mwaka 1934, wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza sababu: tabaka za atomu hazitelezi zote kwa pamoja, bali dosari ndogo katika mpangilio wake husafiri hatua kwa hatua, kama kunjo linalosukumwa kutoka upande mmoja wa mkeka mzito hadi mwingine.

Madhara ni jambo jingine. Ndani ya chuma kinachovutwa sana huzuka vitundu kuzunguka chembe za uchafu, na ndani ya zege hutanda nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Njia ya kuyatambua ni kupunguza mzigo, kisha kuupandisha tena: nondo iliyobadilika umbo tu huwa ngumu kunyumbuka kama mwanzo, lakini kitu kilichodhurika hurefuka zaidi kwa mzigo ule ule. Mwaka 1958 mwanasayansi Kachanov alilieleza hilo kwa wazo ambalo naliona zuri mno kwa wepesi wake, kwamba mzigo hubebwa na sehemu iliyobaki nzima. Moja ya tano ya eneo ikishaliwa na vitundu, mkazo wa 100 huwa 125 kwa sehemu inayobaki.

Kompyuta huigawa bimu, yaani boriti ya jengo, katika vipande vidogo na kuongeza mzigo kidogo kidogo. Katika kila hatua hupima kama mkazo wa kipande umevuka kikomo, ambacho kwa chuma mara nyingi ni kile alichokipendekeza mwanasayansi von Mises mwaka 1913. Ukivuka, huurudisha kwenye kikomo na kuandika ziada kama badiliko la kudumu. Kila kipande hubeba kumbukumbu yake ya yaliyokipata.

Hatari kubwa imejificha katika ukubwa wa vipande hivyo. Zege linapoanza kudhoofika, madhara yote hukusanyika katika mstari mmoja wa vipande. Ukivipunguza upana kwa nusu, nishati ya kuivunja bimu nayo hupungua kwa nusu, na ukiendelea hivyo kompyuta itakuambia kwamba bimu huvunjika bila kutumia nishati yoyote, jambo lisilowezekana kamwe. Mwaka 1983 watafiti Bažant na Oh walionyesha tiba mojawapo: kuifunga nishati ya kupasua zege, iliyopimwa maabara, kwenye upana wa kipande chenyewe, ili jumla yake isibadilike vipande vikibadilika ukubwa.

Kwa hiyo, mhandisi akikuletea picha ya rangi iliyochorwa na kompyuta kuonyesha hali ya bimu ya jengo lako, mwombe matokeo ya vipande vya sentimita 5 na ya sentimita 2.5, uone kama yanakubaliana. Mwombe pia grafu ya nondo iliyovutwa, iliyochukuliwa katika shehena ile ile itakayotumika, na kipenyo chake kikiwa kimepimwa, kwani nondo inayoitwa ya milimita 12 ikiwa kwa kweli ni ya 11, karibu asilimia 16 ya chuma haimo, na kompyuta iliyoambiwa 12 itaikokotoa kama 12.