Gari la mbio la Waroma halikuwa gari la vita
Wengi wakitazama maonyesho ya Kiroma ya Puy du Fou, bustani ya burudani huko Ufaransa, hudhani Waroma walishindana kwa magari mazito ya vita ya kuvutwa na farasi. Sivyo kabisa. Gari la mbio lilikuwa jepesi mno, fremu ya mbao na ngozi, likikadiriwa kilo 25 hadi 30. Kati ya farasi wanne waliolivuta, wawili wa katikati tu walifungwa nira. Wa pembeni walivuta kwa kamba. Wa kushoto ndiye aliyebeba mbio: katika mizunguko 7 kona zote zilikuwa za kushoto. Akipinda kwa upana, mpinzani anapenya ndani. Akibana mno, gurudumu linagonga nguzo ya kona. Dereva alijifunga hatamu kiunoni, kisu kikiwa tayari: gari likipinduka azikate upesi, la sivyo aburutwe mchangani.