Ufahamu ni nini? Kusoma Kiingereza kupitia mambo ya kila siku

Mtu akizimia tunasema amepoteza fahamu. Akizinduka, akajua yuko wapi na nani yuko mbele yake, tunasema fahamu zimemrudia. Neno hilohilo, lenye asili ya Kiarabu, ndilo tunalolikuta darasani: "Leo tuna ufahamu." Wanafunzi wanajua kinachofuata ni kifungu cha habari, kisha maswali matano au kumi. Kwa mazoea hayo wengi wamebaki wakidhani ufahamu ni aina ya mtihani. Sivyo. Ufahamu ni hali ya msomaji kuwa macho ndani ya maandishi: anajua nani anasema, anasema nini, kwa sababu gani, na lipi limekusudiwa ingawa halikutajwa.

Naanza na maana hii kwa sababu kwenye Kiingereza tunachanganya mno kusoma na kutamka. Mtoto akisimama akasoma ukurasa mzima bila kukwama, mzazi anafurahi: "Mwanangu Kiingereza anakijua." Huenda anakijua, huenda hakijui, sauti peke yake haithibitishi. Watu wa Pwani tuna mfano wa karibu. Mtoto anayesoma chuoni kwa maalimu anaweza kuhitimu Kurani nzima, herufi zimenyooka na tajwidi, yaani kanuni za kuitamka Kurani, imetimia, na bado asiwe na Kiarabu cha kuombea maji ya kunywa. Kisomo kile kina makusudio yake na thawabu zake, na hakuna anayemtaka mtoto huyo kesho yake asome gazeti la Kiarabu. Kwenye Kiingereza cha shuleni, hata hivyo, ndivyo tunavyofanya: akishaweza kutamka, tunamkabidhi kitabu cha Baiolojia.

Maswali ya kifungu nayo yanaweza kutudanganya. Soma sentensi hii: "Mbondo alikweta shupilini kwa sababu mitevu ilikuwa haijafweka." Swali: Kwa nini Mbondo alikweta shupilini? Bila shaka umeshapata jibu: kwa sababu mitevu ilikuwa haijafweka. Alama mbili. Ila mitevu ni kitu gani? Hakuna. Nimeyabuni maneno hayo sasa hivi. Umejibu sahihi habari usiyoielewa hata chembe, kwa kuwa unajua namna sentensi ya Kiswahili inavyojengwa na wapi pa kuchomoa jibu. Wanafunzi wengi hufanya hivyohivyo kwenye Kiingereza miaka nenda miaka rudi: wanasaka neno la kwenye swali, wanalikuta kwenye kifungu, wananakili mstari mzima. Mwalimu anatia vema, na wote wawili wanaamini kazi imefanyika.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma masomo yake yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Akiingia Kidato cha Kwanza mambo yanageuka: Jiografia, Fizikia, Hisabati, yote yako kwa Kiingereza. Ufahamu unaacha kuwa sehemu moja ya karatasi ya Kiingereza na unakuwa mlango wa karibu kila somo. Asiyeelewa anachosoma atakariri, na mtu hukariri asichokielewa kwa jasho jingi na faida ndogo.

Hapo ndipo mada za maisha ya kila siku zinapoingia: sokoni, safari ya basi, zahanati, kupika, simu, mpira, msiba, shamba. Watu hudhani mada hizi huchaguliwa kwa kuwa ni nyepesi, kama uji wa mtoto, kisha mkubwa ale chakula chenyewe. Sababu ya kweli ni nyingine. Maandishi hayabebi maana yote. Sehemu kubwa msomaji analeta mwenyewe kutoka kichwani.

Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, waliwasomea watu habari fupi inayoeleza kazi ya kupanga vitu katika mafungu, kuangalia visizidi kwa mara moja, kisha kuvirudisha mahali pake. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida na wasikilizaji walikuwa wenye lugha yao. Wengi hawakuambulia kitu. Lakini walioambiwa mapema kwamba habari inahusu kufua nguo waliielewa vizuri zaidi, na walikumbuka karibu mara mbili ya wenzao. Kufua nguo! Ufunguo ulikuwa jambo ambalo kila mtu amelifanya. Walichokosa wale wengine ni kuambiwa tu kwamba ndilo linalozungumzwa.

Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walieleza yaliyotokea vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nikikumbuka utafiti huo huwaza kijana wa Kidato cha Pili anayeitwa "mzito wa Kiingereza", lakini ukimpa habari ya mechi ya Simba na Yanga kwa Kiingereza, atakwambia nani alikosa penalti na kwa nini kocha alifoka. Maneno kadhaa hayajui, ila mpira anaujua, na mpira unamsaidia kuyapata.

Msaada huo lakini una mpaka. Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba, ili watu wengi waelewe hadithi bila msaada, wanahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100. Chini ya hapo mashimo yanazidi. Ndiyo maana kumpa anayeanza makala ya gazeti la London, yenye neno geni kila mstari, ni kumchosha bure. Mpe habari ya kupika maharage: maji, chumvi, kitunguu, moto, dakika, mfuniko. Maneno mageni yatakuwa mawili matatu, na jiko lenyewe litamfafanulia.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoona haisemwi vya kutosha. Mada ya kila siku husaidia, na pia hupotosha. Chukua maelekezo ya aina hii kwenye pakiti ya vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500:

"Adults: take 1 to 2 tablets every 4 to 6 hours. Do not take more than 8 tablets in 24 hours."

Yaani mtu mzima ameze kidonge 1 hadi 2 kila baada ya saa 4 hadi 6, asizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Maneno yote ni mepesi. Uliza: mgonjwa amemeza vidonge viwili kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Je, amefuata maelekezo? Nimeliuliza swali hili darasani, na wengi hujibu ndiyo upesi, wakinyoosha kidole kwenye sentensi ya kwanza. Viwili vipo, saa 4 zipo. Hesabu basi: saa 24 zina vipindi 6 vya saa 4, na viwili mara sita ni vidonge 12. Sentensi ya pili imekataza kuzidi vinane. Sentensi hizo mbili zinazungumza pamoja. Ya pili inaibana ya kwanza, na anayezisoma mojamoja anaweza kudhuru ini la mgonjwa. Hakuna neno gumu pale. Kilichokosekana ni kuunganisha, na kuunganisha ndiyo roho ya ufahamu.

Kuna jibu la pili ambalo hunifundisha zaidi. Wapo wanaosema, "Anywe viwili kutwa mara tatu." Ukitazama pakiti, hakuna mahali palipoandikwa hivyo. "Kutwa mara tatu" ni sauti ya dirisha la dawa, tuliyoisikia tangu utotoni, na mwanafunzi ameitoa maishani mwake akaibandika juu ya maandishi. Hapa uzoefu haukumsaidia kusoma, umemzuia asisome. Kwa hiyo zoezi zuri la mada ya kila siku lazima liwe na angalau swali moja ambalo uzoefu peke yake haulijibu, swali linalomlazimisha msomaji arudi kwenye karatasi. Watunga mitihani wanaposema "kwa mujibu wa kifungu" wanadai hilo: siyo unavyojua wewe, ni anavyosema mwandishi.

Maneno yanayogeuza maana mara nyingi ni yale madogo tunayoyaruka. "Unless" (isipokuwa kama), "until" (mpaka), "except" (isipokuwa), "at least" (angalau). Mteja akisoma mlangoni "The shop will remain closed until Monday" na kuokota "closed" na "Monday" tu, atajua duka limefungwa Jumatatu, kumbe ndiyo siku linafunguliwa. Tiketi ya basi ikisema "Luggage is carried at owner's risk", msomaji anaweza kuyajua maneno yote na bado asiione habari yenyewe, kwamba mzigo ukipotea kampuni inasema hailipi. Kwa wanafunzi wangu neno dogo la namna hii nalifundisha muda mrefu kuliko jina la kitu. Jina la kitu unaweza kukisia. "Unless" ukiikisia vibaya umeipindua sentensi nzima.

Kwa anayejifunza peke yake nyumbani, naona njia hii inafaa. Chagua mada moja na ukae nayo wiki nzima, badala ya kuruka leo soko, kesho anga. Ukisoma habari tatu nne za malaria, maneno ya homa, mbu, chandarua na dalili yatarudi tena na tena, na kufikia ya nne hutayahangaikia. Mtaalamu wa lugha Stephen Krashen ameitetea sana njia hii ya kusoma kwa wingi ndani ya eneo moja. Kabla ya kuanza, soma kichwa cha habari na ujiulize unajua nini juu yake. Soma mara ya kwanza mpaka mwisho bila kufungua kamusi. Kisha funika, na umsimulie mtu habari hiyo kwa Kiswahili, kwa maneno yako.

Hilo la Kiswahili walimu wengine hulikataa, nami sikubaliani nao. Kusimulia si kutafsiri neno kwa neno. Mtu hawezi kusimulia kwa lugha yake jambo ambalo hakulielewa; pale anapogugumia ndipo ufahamu wake ulipokatika, na ndipo pa kurudi. Wanafunzi wa Mbondo na mitevu hunaswa hapohapo. Kunakili wanaweza, kusimulia hawawezi.

Je, mtu akae na vitunguu na mabasi maisha yake yote? Hapana, ila mada za nyumbani zinaweza kumvusha mpaka kwenye zile za kitabuni. Kuna sentensi ya Baiolojia inayowatesa wengi: "Water moves from a dilute solution to a more concentrated one through a semi-permeable membrane." Yaani maji huhama kutoka kwenye mchanganyiko mwepesi kwenda kwenye ulio mzito zaidi, yakipita kwenye utando unaopitisha baadhi ya vitu tu. Ukiileta hivyo ilivyo, watakariri. Anza na kachumbari. Soma nao habari fupi ya Kiingereza ya kukata vitunguu, nyanya na matango, kutia chumvi na kuacha kwa muda. Waulize bakuli likoje baadaye. Kila aliyewahi kutengeneza kachumbari anajua: kuna maji chini, na hakuna aliyeyamimina. Rudini sasa kwenye ile sentensi ngumu, mtafute kila neno lake liko wapi ndani ya bakuli. "More concentrated" ni ule mchuzi wa chumvi uliozunguka vipande. "Dilute" ni majimaji yaliyokuwa ndani ya kitunguu. "Membrane" ndiyo huchelewa kupatikana. Wengi huonyesha ganda la kitunguu, wakati ganda lilishamenywa na kutupwa. Hapo waache wabishane kidogo, kisha wasome aya inayofuata ya kitabu, inayoeleza utando mwembamba unaoizunguka kila seli.