Msimu wa BSN: ligi ya kikapu ya Puerto Rico inavyopangwa na jinsi ya kuisoma

Msimu wa BSN ni kipindi cha mashindano cha Baloncesto Superior Nacional, ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa kikapu kisiwani Puerto Rico. Kwa kawaida huanza Machi au Aprili na kumalizika Julai au Agosti. Ligi iliundwa mwaka 1929 na ubingwa wa kwanza ukagombewa 1930, hivyo ina umri mkubwa kuliko NBA, ligi kuu ya Marekani, iliyozaliwa 1946. Kwa kuwa msimu unaanza na kwisha ndani ya mwaka mmoja, hutajwa kwa mwaka mmoja tu: msimu wa 2023, msimu wa 2024. Anayefuatilia takwimu za mchezaji ashike jambo hili mapema. Mtu akicheza Ulaya msimu wa 2022–23 kisha akaenda Bayamón, mojawapo ya timu za BSN, takwimu zake za Puerto Rico zitaandikwa chini ya 2023, na mara nyingi wasomaji hudhani ni mwaka unaofuata wakati ni miezi miwili tu baadaye.

Kinachoutofautisha msimu huu na misimu ya ligi nyingi ni kwamba umewekwa katika pengo la kalenda za wengine. Ligi ya maendeleo ya NBA humaliza mechi zake Aprili. Ligi ya China humaliza majira ya kuchipua, na ligi nyingi za Ulaya hufunga kati ya Mei na Juni. BSN inafungua mlango wakati huohuo. Mchezaji aliyetoka kucheza miezi sita kwingine anaweza kupanda ndege na kuongeza miezi minne ya malipo bila kuvunja mkataba wa mtu. Ndiyo sababu ligi ya kisiwa chenye watu wapatao milioni 3 huwapata watu waliowahi kucheza NBA kama Danilo Gallinari na JaVale McGee, ambao wote wawili walikuwa Bayamón mwaka 2025 timu hiyo ilipotwaa ubingwa wake wa 17.

Faida hiyo ina gharama zake. Wachezaji hawafiki kwa pamoja. Yupo anayefika wiki ya kwanza, yupo anayefika Juni akiwa amechoka, na yupo anayeondoka kabla ya mtoano kwa sababu ameitwa kwenye kambi nyingine. Timu unayoiona Aprili inaweza kuwa na nusu tu ya wachezaji watakaocheza Julai. Atakayeelewa hilo ameshaelewa sehemu kubwa ya msimu wa BSN.

Wenyeji na wa kigeni

Kila kikosi kina makundi mawili ya wachezaji. Wa kwanza ni wenyeji: waliozaliwa kisiwani, pamoja na watoto wa Wapuerto Rico waliozaliwa au kukulia Marekani. Hawa wa Marekani si nyongeza ndogo. Raymond Dalmau alilelewa New York, akaja Quebradillas miaka ya 1960 na kuwa mhimili wa timu iliyochukua ubingwa wa 1970 na mingine mitatu mfululizo, 1977, 1978 na 1979. Leo ukumbi wa Quebradillas unaitwa kwa jina lake. Mwenyeji chipukizi huingia ligi kupitia drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, na timu iliyomchagua hupata haki juu yake, ambayo inaweza kuibadilishana na nyingine.

Kundi lingine ni wachezaji wa kigeni, ambao kisiwani huitwa refuerzos. Katika misimu ya karibuni kila timu imeruhusiwa watatu kwa wakati mmoja. Idadi hii imekuwa ikibadilika, na zamani ilikuwa ndogo zaidi. Jambo la kuangalia ni kwamba watatu ni nafasi, si watu. Timu inaweza kumrudisha mmoja nyumbani na kumleta mwingine, ikifuata ukomo na tarehe ya mwisho ya mabadiliko iliyowekwa kwa msimu huo. Hivyo orodha ya wa kigeni waliopita timu moja ndani ya msimu mmoja inaweza kuwa ndefu kuliko watatu.

Wengi huangalia majina ya wa kigeni na kutabiri bingwa kutoka hapo. Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini utabiri huo hushindwa. BSN inacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu: robo 4 za dakika 10, jumla dakika 40. Watu 5 uwanjani mara dakika 40 ni dakika 200 za kugawana. Wachezaji watatu wa kigeni wakicheza dakika 32 kila mmoja, ambazo ni nyingi, wamekula dakika 96. Dakika 104 zinabaki kwa wenyeji. Zaidi ya nusu ya mchezo iko mikononi mwa watu ambao timu haiwezi kuwabadilisha kwa simu moja ya wakala. Timu yenye mwenyeji mzuri wa kuongoza mpira na mwenyeji mrefu wa kukaa chini ya kikapu inaweza kubahatisha mgeni mmoja mbaya na bado ikapona. Isiyo nao hubadilisha wageni msimu mzima na hukosa mtoano.

Wenyeji wa aina hiyo hawapatikani kwa wingi, na anayekuwa nao kwa pamoja hutawala kwa miaka. Bayamón ilichukua mataji matano mfululizo, 1971 hadi 1975. Santurce, ikiwa na José "Piculín" Ortiz na Carlos Arroyo aliyekuwa bado kijana, ilichukua manne, 1998 hadi 2001.

Msimu wa kawaida na jedwali lake

Katika misimu ya karibuni ligi imekuwa na timu 12, zikigawanywa makundi mawili ya timu 6, na kila timu ikicheza mechi 30 na ushee. Timu za kundi moja hukutana mara nyingi kuliko zisizo za kundi moja. Kwa mfano, ukikutana na wenzako 5 wa kundi mara 4 na wale 6 wa kundi la pili mara 2, unapata 20 na 12, jumla mechi 32. Kwa hiyo usilinganishe ushindi 18 wa kundi moja na ushindi 18 wa kundi lingine kama vile ni kitu kimoja. Aliyetoka kundi gumu amekutana na wagumu mara mbili zaidi.

Jedwali halina pointi 3 za ushindi wala sare, kwa kuwa mechi iliyofungana huongezwa dakika 5 mpaka mshindi apatikane. Linaonyesha ushindi, vipigo, na asilimia ya ushindi. Kwa kuwa timu hazichezi siku zilezile, mara nyingi utakuta moja imecheza mechi 32 na nyingine 30. Hapo ndipo inaingia safu ya "mechi nyuma". Chukua mfano: kinara ana ushindi 20 na vipigo 12, anayemfuata ana ushindi 17 na vipigo 13. Tofauti ya ushindi ni 3, tofauti ya vipigo ni 1, jumla 4. Gawa kwa 2, unapata mechi 2 nyuma. Anayeangalia ushindi peke yake ataona pengo la 3 na kudhani mbio zimekwisha, wakati wa pili bado ana mechi mbili mkononi.

Ufupi wa msimu hufanya kila mechi iwe nzito. Kwa mechi 34, ushindi mmoja ni karibu pointi 3 za asilimia; kwa mechi 82 za NBA ni pointi 1.2. Mchezaji muhimu akiteguka kifundo cha mguu na kukaa nje wiki tatu, timu ya NBA inaweza kulala na kuamka. Timu ya BSN inaweza kutoka nafasi ya pili hadi ya tano katika wiki hizo, na nafasi ya tano haina mtoano.

Timu zikilingana kwa rekodi, kwanza hutazamwa matokeo ya mechi walizokutana zenyewe. Ndiyo sababu utamwona kocha akiomba muda wa mapumziko sekunde za mwisho huku timu yake ikiongoza kwa pointi 9: endapo timu mbili zitagawana ushindi, tofauti ya pointi katika mechi hizo inaweza kuamua nani anapita. Mtazamaji mgeni huona kama kocha anamdhalilisha mpinzani. Anapiga hesabu tu.

Mtoano

Timu 4 za juu za kila kundi huingia mtoano, na nyingine 4 huenda likizo. Robo fainali, nusu fainali na fainali huamuliwa kwa mshindi wa mechi 4 kati ya 7. Bingwa basi hushinda mechi 12 baada ya msimu wa kawaida, na anaweza kulazimika kucheza hadi 21. Ukilinganisha na mechi 34 zilizotangulia, mtoano si kiambatisho. Kwa timu ya fainali unaweza kuwa zaidi ya theluthi moja ya msimu wote.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 180 hivi na upana wa 65. Timu ya Bayamón inaweza kwenda Ponce, upande wa kusini, na kurudi kulala nyumbani usiku uleule. Hakuna ndege, hakuna tofauti za saa. Mashabiki nao husafiri hivyohivyo, kwa hiyo uwanja wa nyumbani hauilindi timu mwenyeji kama Marekani, ambako timu mgeni hufika peke yake. Fainali zinapopata wateja kupita kiasi, baadhi ya mechi zimewahi kupelekwa Coliseo José Miguel Agrelot jijini San Juan, ukumbi mkubwa kuliko wote kisiwani.

Kupanda na kushuka daraja hakupo. Timu ni leseni iliyo mkononi mwa mmiliki, na leseni huhama mji. Caguas iliyochukua ubingwa wa 2024 ilitokana na leseni iliyokuwa Humacao msimu mmoja kabla. Timu isiyo na fedha pia inaweza kuomba kupumzika msimu mzima na kurudi baadaye. Hivyo ukikuta mji fulani haumo katika jedwali la mwaka fulani, usiandike kwamba ulishushwa daraja.

Yanayouvuruga msimu

Timu ya taifa ndiyo ya kwanza. Puerto Rico ina kamati yake ya Olimpiki, na wachezaji wake wengi hutoka au hupitia ligi hii. Kikosi kilichoipiga Marekani 92–73 kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Arroyo akifunga pointi 24, kilikuwa zao la BSN kwa sehemu kubwa. Lakini mashindano ya kimataifa huangukia katikati ya mwaka. Mchujo wa Olimpiki uliofanyika San Juan tarehe 2 hadi 7 Julai 2024, ambao Puerto Rico ilishinda, ulikuja katika majira yaleyale ambayo ligi hucheza mechi zake nzito. Wenyeji bora wakiitwa, zile dakika 104 ndizo zinazoumia, na klabu haina wa kulalamikia.

Ya pili ni hali ya hewa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza rasmi 1 Juni. Kumaliza fainali mapema Agosti ni kukwepa Septemba, mwezi ambao Kimbunga María kiliipiga Puerto Rico mwaka 2017 na kuangusha umeme wa kisiwa kizima. Kisha kuna mwaka wa korona: msimu wa 2020 ulisogezwa hadi mwisho wa mwaka, ukamaliziwa timu zikiwa zimefungiwa sehemu moja, na Bayamón ikaibuka bingwa. Takwimu za mwaka huo zisichanganywe na za miaka mingine bila maelezo.

Tahadhari hiyohiyo inahusu rekodi za zamani. Neftalí Rivera alifunga pointi 79 katika mechi moja mwaka 1974, kabla mstari wa pointi tatu haujaingia: mabao 34 ya pointi 2 na mitupo huru 11. Leo mtu akifunga 50 kwa mitupo ya mbali, hajafanya kazi ileile. Na wastani wa mchezaji wa kigeni wa pointi 24 kwa mechi ni bora uangaliwe na idadi ya mechi. Ukikuta alicheza 6 kisha akarudishwa, wastani huo unaeleza wiki mbili tu.

Kwa anayetaka kuangalia mechi zenyewe kutoka kwetu, Puerto Rico haibadilishi saa mwaka mzima, hivyo tofauti haibadiliki: saa 7 nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Mechi ya saa mbili usiku San Juan inaanza saa tisa usiku Afrika Mashariki, saa nane usiku Lubumbashi, Bujumbura na Kigali, na saa kumi alfajiri Muscat. Ratiba huandikwa kwa tarehe ya kule, kwa hiyo mechi ya Ijumaa usiku itafute Jumamosi kabla ya jua kuchomoza.