"Set" si bingwa tena

Kwenye mabishano ya chemsha bongo Dar es Salaam, wengi bado wanashikilia kwamba "set" ndilo neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote. Katika kamusi ya Oxford ya 1989 lilikuwa hivyo, likiwa na maana takriban 430. Kufikia 2011, wahariri walipolipitia upya "run", kitenzi hicho peke yake kilifikisha 645 (hesabu hutegemea pia mhariri anavyozigawa).

Ukikutana na "run" unapotafsiri, tazama kwanza mtenda, kisha mtendwa, maana Kiswahili hubadilisha kitenzi kila mara. Injini inaunguruma, kanga mpya inachuja kwenye beseni, pua inatoa kamasi, daladala linafanya safari za Mbagala–Kariakoo. Mwenye duka analiendesha. Ukiandika "analikimbia", umeshamfanya mdaiwa anayetoroka.